Kopo ya Karanga

Ule ni mwaka tulikula matembele asubuhi na jioni. Njia ya Masisi ilikuwa imefungwa, maharagi hayashuki, viazi havishuki, na mutaa wetu wa Murara, hapa Goma, muzima tulikuwa na midomo ya kijani kama mbuzi. Mwaka huo mutoto wangu wa kwanza alivaa nguo za jeshi, wakamupeleka Vitshumbi, kwenye ziwa. Aliniachia muke wake na mimba.

Mimi nilisoma mupaka ya tatu primaire tu, lakini barua zake niliandika mwenyewe, herufi kubwa kama mayai. Posta ilikuwa imekufa zamani. Posta yetu ilikuwa mama mumoja wa Butembo, muuza samaki, aliyekuwa anapanda camion ya Vitshumbi kila wiki mbili. Nilikaanga karanga, nikazitwanga, nikajaza kopo ya maziwa ya unga, barua juu, kisha kifuniko.

Kwetu kopo ya mutu hairudi tupu. Jirani akikupa chakula kwenye sahani yake, unairudisha na kitu, hata ndizi moja. Basi mutoto alinirudishia kopo na samaki wa chumvi, barua chini yake. Muke wake alikuwa anazinusa zile barua mbele ya kuzisoma, kisha anaziweka kwenye tumbo. Mimi nilijifanya sioni. Mara moja mutoto aliandika: "Mama, karanga ilikuwa na muchanga. Umezeeka?" Nikamujibu kwamba ule ni muchanga mweusi wa Goma, nimeutia kusudi asisahau kwao. Kopo ikarudi na samaki, na ndani ya samaki konzi ya muchanga wa ziwa. Nilicheka peke yangu kwenye jiko.

Yule mama wa samaki alikuwa na utaratibu wake. Akimukosa mwenye barua, anairudisha kwa aliyeandika, pamoja na muzigo wote. Nilimuona akimurudishia jirani yangu, naye mama wa askari, barua haijafunguliwa, na sabuni yake juu. Jirani alielewa, akakaa pale pale kwenye mawe.

Mujukuu wangu alipozaliwa, mutoto wa kike, nilipaka masizi ya sufuria chini ya muguu wake, nikaukandamiza kwenye karatasi. Hiyo ndiyo barua niliyotuma. Mama wa samaki alirudi mikono mitupu: kikosi kimehamishwa, lakini mwenzake mumoja alikuwa bado pale, akapokea kopo, akaahidi kuifikisha.

Kisha kimya. Mwezi, miezi sita, mwaka.

Shemeji yangu, mudogo wa marehemu bwana wangu, akaja na mukeka chini ya kwapa. Alisema wanaume wameleta habari, kile kikosi kimekwisha chote, tufanye kilio. Kwetu mama wa mufu anakaa chini kwenye mukeka, watu wanakuja kulia naye. Wanawake walikuwa tayari wanatoa viti vyangu inje. Mimi nilibaki juu ya changu.

"Sikai chini mupaka kopo yangu irudi."

Akaniuliza kama ninalilia kopo ao mutoto. Nikamuambia barua ya mufu inarudi. Yangu haijarudi, basi iko mukononi mwa mutu. Akaondoka na mukeka wake.

Ule muguu wa masizi leo unavaa viatu vikubwa kuliko vyangu. Uko mwaka wa mwisho wa shule, na unanisahihishia haya ninayoandika. Mutoto wa akili, kama baba yake.

Juma lililopita shemeji alikuja tena, sasa anatembea na fimbo. Safari hii hakuleta mukeka. Aliomba tu misa ya wafu, ili muke wa mutoto wangu na mujukuu wapumuzike. Aliongea vizuri, na machozi yalimutoka kweli. Nikamupa chai, nikamupa kiti kizuri. Mujukuu akanishika mukono, akauliza polepole, "Koko, wewe hauchoki?"

Ninachoka. Lakini niliwajibu wote wawili vile nilivyojibu zamani:

"Sikai chini mupaka kopo yangu irudi."