Pua Kubwa kwenye Rafu ya Vichekesho

Kazini walimwita Kiguu na Njia, wala hakukasirika, kwa sababu hata kukasirika kunataka mtu atulie kidogo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwepesi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na katika chumba cha katuni cha ile maktaba hapakuwa na kiti kilichomjua. Alisoma amesimama. Aliandika kwenye kompyuta amesimama, mguu mmoja umeshatangulia anakokwenda. Chai yake ilipoea madirishani, maana aliiweka hapa akaikumbuka yuko kule.

Kazi yake ilikuwa kuzipanga hadithi za katuni kwa aina. Kila kitabu kilichoingia kilipewa aina moja kwenye katalogi, moja tu: Vichekesho, Mapenzi, Mapigano, Upelelezi, Kutisha au Majonzi. Kisha kinabandikwa stika ya rangi yake, kinakwenda rafuni. Vitabu vilikuja kwa maboksi, na nani ana muda wa kusoma maboksi? Basi alikuwa na ujuzi wake wa chapuchapu, aliorithishwa na waliomtangulia pale. Kope ndefu, Mapenzi. Taya za mraba, Mapigano. Wino mweusi umemwagika ukurasa mzima, Kutisha. Pua kubwa na matone ya jasho yanayoruka kichwani, Vichekesho, hakuna mjadala. Msimcheke, mara nyingi alipatia.

Asubuhi moja akaingia mchora mabango. Mtaani walimfahamu, kwani maandishi ya milango ya maduka karibu yote yalikuwa ya mkono wake. Mwanamume mrefu, mpole, vidole vina rangi isiyosikia sabuni. Alipita kwenye rafu yenye stika za njano, akasimama ghafla, akachomoa kitabu chembamba na kuja nacho mezani.

"Dada, hiki ni changu. Nimekichora mimi."

"Kumbe ni wewe! Hongera, mzee wangu. Hiki hakikai rafuni. Kinarudi leo, kesho kimeondoka."

"Mmekiweka kwenye vichekesho."

"Ndiyo."

"Huyu ni mke wangu. Nimechora nilivyomuuguza mpaka akafariki." Hakupandisha sauti, na heri angepandisha. "Ndiyo vichekesho hivyo?"

Kiguu na Njia akavaa miwani. Akatazama jalada. Mwanamume mwenye pua kama kiazi ameshika sufuria inayotoa moshi, matone yanamruka kichwani. Ndani hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja.

"Ni zile pua," alisema, na papo hapo akatamani ardhi ipasuke aingie.

"Mimi najua kuchora pua za hivyo tu, dada. Sikusomea."

Akaomba kitabu kihamishiwe Majonzi, akasema atapita kesho kuhakikisha. Akaaga vizuri, kwa adabu, jambo lililomchoma mama wa watu kuliko matusi.

Kuhamisha kitabu si kazi ya kumtoa mtu jasho; ni kubadili neno moja na stika moja. Lakini mkuu wa maktaba, kijana mwenye haraka ya kuonekana anafanya kazi, alikuwa ametoa amri: kitabu kisichoazimwa mwaka mzima kinaondolewa na kuuzwa kwa kilo, watu wakafungie bidhaa zao. Na rafu ya Majonzi nani aliigusa? Yeye na kitambaa chake cha vumbi, basi. Kukipeleka huko ni kukizika. Kukiacha ni kumkejeli mtu na msiba wake. Roho ikawa juu juu. Akaenda ofisini kwa mkuu, akarudi mlangoni, akaenda tena.

"Bosi, kwani hadithi moja haiwezi kuwa na aina mbili?"

"Mama, kompyuta ina nafasi moja. Chagua, tuendelee."

Jioni akakibeba kitabu hadi nyumbani. Mumewe, fundi saa, alikuwa sebuleni ameinamia saa ya mtu, ametulia kama kawaida yake, kiasi cha kuudhi. Kiguu na Njia akasoma kwa mara ya kwanza kitabu alichokwishakihukumu, huku akitembea kutoka jikoni hadi mlangoni. Aliona mwanamke anavyokonda ukurasa hadi ukurasa. Aliona mume anavyounguza uji. Halafu akageuza ukurasa mwingine, akaangua kicheko hadi akashika meza.

"Kuna nini?" mumewe akauliza.

"Nimecheka! Mwanamke anakufa humu ndani, baba watoto, na mimi nacheka. Mimi ni mtu gani?"

"Kaa basi, mama watoto. Unanitikisia meza."

"Nikae wapi na hali hii!"

Mchora mabango alipokuja kesho yake, alimkuta ameshika kitabu kifuani, stika ya njano imeng'ang'ania kidole hiki na ya kijivu kile. Kiguu na Njia aliona haya hata kumtazama. Akapiga moyo konde.

"Sijakihamisha, mzee wangu. Kitabu hiki kikienda Majonzi, mwaka ukiisha watakiuza kwa kilo. Na kuna jingine, afadhali uniseme mara moja yaishe. Jana nimekisoma chote. Nikacheka. Nisamehe."

Yule mwanamume akasogea mezani.

"Ulicheka wapi?"

Akamfungulia ukurasa. Mume yuko wodini, anajaribu kumsuka mkewe nywele kitandani. Ana kitana mdomoni, jasho linamruka pande zote. Msuko mmoja umesimama wima kama antena, na nesi mlangoni amejificha uso kwa trei.

Mchora mabango akaweka kidole juu ya ule msuko. Kiguu na Njia akangoja agombezwe.

"Hapo hata yeye alicheka," akasema. "Nilimpa kioo ajione. Alicheka, alicheka, mpaka nikamwambia nyamaza, mshono utaachia. Nesi naye ndiyo kwanza anazidi. Baada ya siku ile sikumsikia tena akicheka."

Chumba cha pili mtu alikuwa anafunua kurasa.

"Huko kwenye Majonzi," akauliza mwishowe, "watu hawaendi kabisa?"

"Hawaendi. Siwezi kukudanganya."

Akalipangusa jalada kwa mkono wa shati, ingawa halikuwa na vumbi, akamrudishia kitabu.

"Basi mwache huku huku, dada. Mke wangu hakupenda kukaa peke yake."