Yavuyavu na Chupa ya Zamzam

Maji yakipwa, tope la mikoko ya Mtongwe hutoa harufu ambayo wageni huikunjia pua: chumvi, majani yaliyooza, na magamba ya chaza waliofunguliwa jana. Mimi nikiipata hata leo husimama na kuivuta kwa pumzi ndefu. Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi kwa nyanya, mamake mama, ng'ambo ya Likoni, kwa sababu mama alikuwa Jeddah akifanya kazi katika nyumba ya watu. Mwaka huo likizo na Ramadhani zilifuatana, na mama alikuwa ametuahidi kwa simu, sauti ikikatikakatika, kuwa inshallah Idd itamkuta nyumbani. Nyanya alinieleza kwamba mwezi unapoandama na unapopevuka ndipo bahari huingia bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Basi nikaachana na kalenda, nikahesabu mabamvua. Mabamvua matatu, kisha mama.

Bamvua la kwanza nilimfuata nyanya kubandua chaza kwenye mizizi ya mikoko. Alikuwa na kisu kifupi na ulimi mrefu, na vyote viwili havikulala. Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo na kunyamaza, na hiyo ya pili sikuiweza kamwe. Katika kidimbwi cha maji ya kunifika vifundoni niliona kitu cha mviringo, ukubwa wa kisahani, rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, kimelala chali juu ya tope. Vijikono vyenye mashada vilielekea juu, na ukingo wake ulikuwa ukifumba na kufumbua, ukifumba na kufumbua, bila haraka yoyote. Nilikichota kwa mikono miwili. Viganja vikaniwasha mpaka jioni, nyanya akanipaka siki huku akiniuliza ni nani aliyenituma. Lakini kiumbe alikwisha kuwa ndani ya ndoo yetu, pamoja na maji yake ya bahari, nami nililia mpaka nikaachiwa.

Chumba cha uani kilipangwa na Mwalimu Kadzo, mwanamke wa Kaloleni aliyefundisha sayansi sekondari na ambaye sikumwona hata siku moja akimcheka mtoto kwa swali lake. Alichungulia ndoo akaniambia huyu ni yavuyavu, ila wenzake wengi huogelea kama mwavuli uliofunguliwa, mdomo chini na nyuzi zikining'inia, na huyu wangu amechagua kuishi kichwachini. Hana mfupa, hana moyo, hana ubongo. Wenzake wana tundu moja tu la kulia na kutolea taka. Yeye ana vijinywa vingi kwenye mikono yake. Karibu mwili mzima ni maji, kwa hiyo ile methali ya damu kuwa nzito kuliko maji kwake haina kazi. Na ile rangi haikuwa yake, ilikuwa ya vijimea vidogo visivyoonekana ambavyo amevipa makao mwilini, navyo humpikia chakula kwa jua. Ndiyo maana hulala chali, wapangaji wake wapate mwanga. Nyanya, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alisema hao ndio wapangaji, wanaopika, na Mwalimu, ambaye kila jioni alikula kwetu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kilichonishika zaidi ni habari ya uzazi wao. Yai la yavuyavu, alisema Mwalimu, hutoa kitoto kidogo kuliko punje ya mchanga, nacho huelea siku chache kisha hujibandika kwenye jiwe au jani lililozama. Hapo hageuki mwavuli. Huwa kishina chembamba chenye vijinyuzi juu, anakaa papo hapo, anakula kinachopita. Msimu ukifika, kwa mayavuyavu wengi kishina hujikata pingili kama sahani zilizopangwa, na kila sahani hubanduka ikaenda zake baharini, ikakua. Wa aina yangu hutoa kisahani kimoja kimoja. Kishina hubaki kwenye jiwe lake, kikingoja msimu mwingine. Nikamuuliza Mwalimu, mama yao ni yupi, aliyebaki au aliyekwenda.

"Ni yuyo huyo mmoja, mwanangu. Hapa ana umbo la kukaa, kule ana umbo la kwenda."

Usiku huo sikuona ajabu kuweka nadhiri. Nilijiambia kwamba yavuyavu wangu akiishi hadi Idd, mama atakuja, akifa, haji. Sikumwambia mtu. Wiki mbili nilimtunza kama nilivyoelekezwa, ndoo juani asubuhi, maji mapya ya bahari kila siku. Kisha Ramadhani ikaingia, Mwalimu akaenda kwao Kaloleni, na nyanya akasema hataki uvundo wa pwani uani kwake mwezi mtukufu, nikamrudishe kiumbe wa watu alikotoka. Nikaitikia abee, kwa adabu zote, na nikaificha ndoo stoo nyuma ya magunia ya makaa. Wapangaji wakakosa jua. Maji nayo sikuthubutu kuyabadilisha. Siku chache tu na yavuyavu akaanza kupauka na kunywea, kufumba kukawa kwa shida.

Sasa, kabatini kwa nyanya, ndani ya kanga mpya, kulikuwa na chupa ya maji ya zamzam ambayo mama alimpa jirani yetu aliyetoka umra atuletee. Nyanya alikuwa amesema haifunguliwi mpaka mama afike, tuinywe sote watatu tumeelekea kibla. Mimi nilijua jambo moja juu ya zamzam, kwamba mgonjwa akinywa kwa nia hupona. Mchana mmoja, nyanya akiwa amejinyoosha baada ya adhuhuri, nilimtia yavuyavu kwenye bakuli safi, nikamwaga maji machafu, nikasema bismillahi, nikammiminia chupa yote. Nikasubiri afumbue. Alifumba mara moja, akalegea, na kabla ya alasiri alikuwa utelezi tu chini ya bakuli.

Nyanya alinikuta bado nimechutama. Aliitazama chupa, akalitazama bakuli, akakaa kwenye kizingiti. Nilingoja kofi. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema hatimaye. "Na maji haya hayana kosa. Wa bahari umempa maji ya wanadamu." Akayamwaga penye mche wa mlimau, mahali pasipokanyagwa, na kisha akaenda chumbani, nikamsikia akilia. Nilijua analilia chupa. Bamvua la tatu lilipofika mama alipiga simu kusema amecheleweshwa. Nyanya alishangaa, mimi sikushangaa. Nilikwisha kumuua yavuyavu.

Mama alirudi nikiwa na miaka kumi na tano, nikimwamkia shikamoo kama mgeni. Sasa nyanya hayupo, Mwalimu Kadzo alihamishwa zamani, na pale kwenye kidimbwi changu watu wamejaza kifusi wakajenga. Ninaishi Mtopanga na watoto wangu, na mama yuko nami. Mwaka jana, tukichambua mchicha, nilimweleza kisa chote, nadhiri, stoo na bakuli, nikamwomba msamaha. Hakuinua macho.

"Maji yale nliyatuma kwa kuwa nlijua siji," alisema. "Nlikuwa nishatia saini mkataba wa miaka mingine. Nikakosa uso wa kumwambia mamangu."

Nilidhani nitapumua. Badala yake nikaona uchungu, tena mkali. Miaka yote niliyojiona mkosa nilikuwa na mama aliyekuwa njiani, kosa langu ndilo lililomzuia. Sasa ninaye mama ndani, mzima alhamdulillahi, akilalamikia chumvi ya mchuzi wangu na kuwafundisha wajukuu aya fupi fupi. Nampenda. Na bado namngoja yule aliyekuwa anakuja.