Geti la Rangi ya Kutu

Saa kumi na dakika ishirini jioni, kamati ya harusi ilitoka kwa jirani yetu mchimbaji, mwenye geti la rangi ya dhahabu. Tulisikia wamempangia mchango wa laki tano. Nyumba iliyofuata ilikuwa yetu.

Geti letu nilikuwa nimelisugua kwa msasa, nikalipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha juu yake rangi ya mafuta ya kahawia, ngumu na isiyong'aa.

"Baba, umenunua rangi inayofanana na kutu," mke wangu alikuwa amelalamika.

Mwenyekiti wa kamati alilitazama geti juu mpaka chini.

"Shikamoo mzee. Naona hali ni ngumu."

"Marahaba. Tunavumilia tu."

"Basi wewe toa elfu hamsini."

Geti lile liliniokolea shilingi laki nne na nusu.