Mashindano katika Stoo ya Mahindi

Nilianguka na baiskeli kwenye mteremko wa kwenda Fort Ternan, Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, lami ikiwa bado na maji ya mvua ya jana yake. Hakuna aliyenigonga. Niliingia kwenye kona kwa kasi isiyofaa, gurudumu la mbele likateleza juu ya matope yaliyoachwa na trekta la miwa, nikaangukia bega la kushoto. Wenzangu wanne, wanaume wote, ambao nilikuwa nikiendesha nao kila wikendi, walinifunga mkono kwa jezi ya mmoja wao wakasimamisha pikapu iliyokuwa ikirudisha mitungi ya maziwa. Hospitalini waliniambia mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, umevunjika mahali pawili.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya kutwa karibu na Sigowet. Nilianza kuendesha baiskeli kwa sababu ya kuchoka kungojea gari la kunipeleka kazini, na nilipozoea njia ya shule nikaanza kutafuta njia ndefu zaidi. Kufikia siku ile ya kuanguka nilikuwa na miaka thelathini na minane, na baiskeli ndiyo ilikuwa raha yangu kubwa.

Mume wangu, ambaye ni karani katika kiwanda cha chai, hakunigombeza. Alinipikia, akanifunga vifungo vya blauzi kwa wiki sita, akanipeleka kliniki. Mfupa uliposhika na daktari akasema niko huru, ndipo akaongea.

"Sitakukataza," alisema. "Lakini ujue ukitoka na hiyo baiskeli mimi sifanyi kazi. Nakaa tu nikiangalia simu."

Afadhali angenikataza, ningebishana naye. Niliitundika baiskeli kwenye msumari ndani ya stoo, juu ya magunia ya mahindi, na kwa miezi minne sikuigusa. Nilikuwa mkali darasani bila sababu. Jioni nilikaa na kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, na sahani ya ugali, nikisahihisha madaftari, na mvua iliyoanza saa tisa alasiri ikiwa bado inanyesha, kama ilivyo kawaida ya huku kwetu.

Aliyenitoa hapo ni jirani. Tunamwita Fundi. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana kuja kufanya kazi ya mitambo kiwandani, akastaafu, na badala ya kurudi kwao akanunua robo eka kando ya shamba letu. Ndiye aliyekuwa akitengeneza baiskeli zetu zote. Siku moja alikuja akisukuma wilbaro iliyofunikwa gunia, polepole kwa ajili ya magoti yake. Binti yake anayefanya kazi Ulaya alikuwa amemtumia mashine ya kufanyia mazoezi ya baiskeli ndani ya nyumba, kwa sababu daktari alimshauri akanyage pedali bila uzito. Aliitumia wiki mbili ikamchosha.

"Mwalimu, hii kitu inakaa bure kwangu," alisema. "Ikikaa hapa kwako, mwanangu akipiga simu nitamwambia inatumika, na sitakuwa nimedanganya."

Mashine yenyewe ni chuma kizito chenye miguu miwili ya kukunjwa. Unatoa gurudumu la nyuma la baiskeli, unaifunga baiskeli juu ya mashine, na cheni inazungusha gia za mashine badala ya gurudumu. Ndani mna duara zito na sumaku. Ukiiunganisha na stima na simu, barabara inaonekana kwenye kioo cha simu, na wewe ukiwa kijitu kidogo kinachoendesha juu yake pamoja na watu wa nchi nyingine walio kwenye mashine zao wakati uleule. Barabara ikipanda, pedali zinakuwa ngumu. Ikishuka, zinalegea.

Gia za mashine zilikuwa za baiskeli ya kisasa kuliko yangu, na cheni ilikataa kukaa. Fundi alikaa na jambo hilo alasiri mbili. Mwishowe alitoa gia za gurudumu langu mwenyewe akazipachika kwenye mashine, na nafasi iliyobaki akaijaza kwa pete aliyoipiga tupa kutoka kipande cha bomba. Pete hiyo iko hapo hadi leo.

Tuliiweka stooni kwa sababu sakafu yake ni ya saruji na sebuleni ingetikisa makabati. Mume wangu alileta feni na kupigilia rafu ndogo ya simu karibu na dirisha, mahali pekee ambapo mtandao unashika vizuri. Programu iliniuliza jina, umri na uzito. Uzito niliandika hamsini na nne, kama ilivyokuwa kwenye kadi yangu ya hospitali. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Mama mkwe wangu alikuja siku ya pili kutazama. Alikaa juu ya gunia akichambua maharagwe, akaniuliza nimefika wapi. Nilimwambia kilomita kumi na moja. Akauliza nitarudi saa ngapi. Nilimweleza kwamba hakuna kurudi, nikishuka nitakuwa hapahapa. Akafikiria, akasema basi hiyo ni safari nzuri kwa mtu aliye na ng'ombe wa kukamuliwa.

Mashindano ya kwanza niliingia Jumamosi saa tisa alasiri. Kwa kuendesha barabarani nilikuwa nimezoea kuanza taratibu, watu wakizungumza kwanza. Huku hakuna kuzungumza. Saa iliyokuwa ikihesabu kwenye kioo ilipofika sifuri wote waliondoka kama mbuzi waliofunguliwa zizi, na kabla sijapata pumzi nilikuwa peke yangu nyuma. Niliendelea hivyo, jasho likidondoka kwenye mahindi, hadi kilomita ya tisa. Hapo radi ikapiga upande wa mashamba makubwa ya chai na stima ikapotea. Pedali zililegea ghafla, miguu ikazunguka bure. Simu ilikuwa na chaji, kwa hiyo nilijiona kwenye kioo nimesimama kando ya barabara, mguu mmoja chini, wengine wakinipita.

Fundi aliposikia alisema kosa langu ni saa niliyochagua. Stima ya huku hukimbia mvua, na mvua ni ya alasiri. Tangu hapo nikawa nashindana Jumamosi saa moja asubuhi, baada ya kukamua.

Mashindano ya pili nilimaliza, nikiwa karibu wa mwisho. Ya tatu yalikuwa ya kupanda mlima, kilomita sita za mwinuko mtupu, na hapo jambo la ajabu likatokea. Nilianza kupita watu. Nilipita mmoja, nikapita kundi la watano, na kadiri mlima ulivyozidi ndivyo nilivyozidi kuwaacha. Mume wangu alisikia pumzi zangu kutoka uani akaja kusimama mlangoni. Nilipofika juu, jina langu lilikuwa la kwanza kwa wanawake. Alipiga picha ya kioo akaituma kwenye kundi la familia kabla sijashuka. Nilitembea nayo furaha hiyo Jumamosi nzima, na Jumapili kanisani watu watatu walinipongeza.

Jumapili jioni nilipata ujumbe kutoka kwa mwanamke aliyeshika nafasi ya pili. Alikuwa akiishi nchi ya theluji, na aliandika kwa adabu. Alinipongeza, halafu akauliza kama nimejipima uzito hivi karibuni, kwa sababu mlimani programu hugawanya nguvu za mtu kwa uzito wake, na watu wengi wanaoanza huandika namba ya zamani bila kujua.

Mimi hufundisha kugawanya kila wiki. Nilisoma ule mstari mara moja na masikio yakapata moto. Sketi zangu za shule zilikuwa zimeshanieleza zamani. Nilikuwa nimehamisha ndoano ya kiuno mara mbili. Kijitu kilichopanda mlima kwenye kioo kilikuwa mimi wa Aprili, kabla ya miezi minne ya mursik na ugali, lakini nguvu zilikuwa za mtu mzito wa sasa.

Ningeweza kunyamaza. Ningerekebisha namba kimya kimya na hakuna wa kunifuata. Usiku kucha wazo hilo lilikuwa nami, na sitasema lilikuwa dogo. Jumatatu baada ya shule nilimweleza Fundi, si mume wangu, kwa kuwa mume wangu ndiye aliyekuwa ametuma picha.

Fundi hakutoa hukumu yoyote. "Twende upimwe kwanza," alisema. "Huwezi kuungama kilo usizozijua."

Nyumbani hatukuwa na mizani ya watu, na zahanati ilikuwa imefungwa saa hiyo. Iliyokuwa karibu ni mizani ya kituo cha kununulia majani chai, na hiyo ilikuwa siku ya kununua. Akina mama walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Fundi alizungumza na karani wa kituo, ambaye alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani, akaning'iniza gunia tupu kwenye ndoano ya mizani akalifungua mdomo. Nilivua viatu, nikaingia, nikakunja magoti. Akina mama walicheka hadi mmoja akalazimika kukaa chini.

"Sitini na tatu," karani alisoma. Kisha, kwa mazoea ya kazi yake, akatoa kilo moja ya gunia. "Sitini na mbili."

Nilikuwa nimepanda ule mlima nikiwa nimeacha kilo nane nyumbani.

Jioni hiyo niliwaandikia waandaaji nikaomba jina langu liondolewe, na nikamwandikia yule mwanamke nikamwambia ushindi ni wake. Waandaaji walijibu mistari miwili na kufanya nilivyoomba. Kumwambia mume wangu kulinichukua muda zaidi. Alisikiliza, akanipa simu yake iliyokuwa na lile kundi la familia. "Andika wewe," alisema. "Mimi nitaandika vibaya."

Niliandika kwamba sikushinda, nikaeleza kwa nini. Shemeji mmoja alijibu kwamba hakuna mtu anayejali kilo za mchezo wa simu. Mama mkwe, ambaye hana simu ya aina hiyo na alisomewa na mjukuu, alikuja kesho yake kuniuliza vizuri. Nilidhani nitatumia muda mrefu kumweleza. Lakini amepeleka majani kituoni maisha yake yote, na anawajua watu wanaoyalowesha ili yawe mazito.

"Wewe ulifanya kinyume chao," alisema. "Uliyakausha."

"Sikujua, Mama."

"Najua hukujua. Ndiyo maana nimekuja na maziwa."

Mashindano yaliyofuata niliingia na uzito wa kweli. Mlima ulikuwa uleule, miguu ileile, na nilishika nafasi ya arobaini na kitu. Nilishuka nikakaa juu ya gunia nikihisi nimeibiwa, ingawa nilijua vizuri nani alikuwa mwizi. Wiki hiyo sikupanda tena. Wiki iliyofuata yule mwanamke wa nchi ya theluji aliniandikia akaniuliza niko wapi. Alinieleza jinsi anavyofanya mazoezi yake: dakika tano za nguvu, dakika tano za kupumua, mara nne, siku mbili kwa wiki, na siku nyingine kuendesha polepole tu. Niliandika ratiba hiyo kwa chaki kwenye ukuta wa stoo. Jumanne na Alhamisi nilikuwa nikiamka mapema, nikikanyaga kabla ya uji, jogoo akiwika nje ya dirisha na feni ikinipuliza makapi ya mahindi usoni.

Kilo zilipungua tatu, zikakataa kuendelea, na nikaamua kuzikubali. Barabarani nimerudi, lakini kwa njia ya shule tu, na kwa miezi ya kiangazi hadi Sigor na wenzangu siku ambayo lami ni kavu. Miteremko ya kule chini sijaigusa. Mume wangu siku hizo hufanya kazi yake, au husema anafanya.

Juzi tulikuwa na mlima mwingine. Yule rafiki wa theluji alishika nafasi ya nne. Mimi nilishika ya kumi na moja, nikiwa nimepitwa mita chache kabla ya juu na mzee wa miaka sitini na saba, kama kioo kilivyonionyesha. Nilizima feni, nikafuta baiskeli jasho kwa kitambaa ili isishike kutu, nikafunika mahindi. Ilikuwa bado haijafika saa mbili asubuhi. Wachumaji wa majani chai walikuwa wameshaingia shambani mwetu, kwa hiyo nilioga haraka, nikachukua kikapu na kuanza mstari wa kando ya ua, ambao ulikuwa umebaki bila mtu.