Stempu za Laos Mbele ya Wakwe

Mapenzi yangu kwa Laos yalianzia kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Kisumu, miaka ya themanini, ambako kazi yangu ilikuwa kuchapa kadi za harusi, tikiti za bahati nasibu za kanisa, na zaidi ya yote programu za mazishi. Watu wa ziwa wanaheshimu wafu wao, na sisi tulikula kutokana na heshima hiyo. Ila picha zetu! Unaletewa marehemu akitabasamu, unampitisha kwenye mashine yetu, anatoka kama mtu aliyepigwa picha ndani ya moshi wa jiko. Familia ikilalamika, mwajiri wangu anawajibu, "Kwani hamumjui mtu wenu?"

Sasa fikiria mtu wa kazi kama hiyo akutane na stempu ya kuchongwa. Niliikuta ndani ya pakiti ya stempu za mchanganyiko kwenye duka la vitabu la Mhindi mmoja: ndovu aliyevishwa mapambo, na jina la nchi ambayo sikujua iko upande gani wa dunia. Nilipitisha kidole nikasikia mistari imeinuka. Fundi fulani alikaa akaichonga ile picha kwenye chuma, kinyumenyume, mstari kwa mstari, hadi mikunjo ya sikio la ndovu, mahali padogo kama kidole gumba changu. Nilikasirika, haki ya Mungu. Ndovu wa Laos alikuwa amepata kile ambacho marehemu wote wa Nyanza walinyimwa.

Basi nikawa mgonjwa wa stempu za Laos. Kwenye ukurasa wa marafiki wa kalamu wa gazeti moja nilimpata mzee wa Kifaransa aliyewahi kuishi huko. Mimi nikawa namtumia ndege na samaki wa Kenya, yeye ananitumia mahekalu, wacheza ngoma na wafumaji. Majirani zangu wa Nyalenda, wakipanga mitungi kwenye foleni ya maji, walikuwa na neno lao: "Huyo anaweka stempu na hakuna mtu anamwandikia." Waongo. Mfaransa aliniandikia. Lakini nakubali kwamba siku ya mashindano ya mashua ufuoni, mji mzima ulipoteremka kushangilia, mimi nilibaki chumbani nikitazama mashindano ya mashua ya Laos. Yalikuwa yamechongwa vizuri zaidi.

Seti niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya stempu nne: mpiga ngoma, mcheza kinyago, mtawa aliyenyolewa kichwa, na mwanamke aliyepiga magoti na bakuli la sadaka, kitambaa kimepita bega moja, nywele zimefungwa nyuma, shingo ndefu imeinama kidogo. Huyo mwanamke alinisumbua. Niliwapata wenzake watatu mapema, yeye nikamsubiri miaka. Alipofika hatimaye, nilimkagua kwa lenzi mpaka chai ikapoa. Kisumu hakukuwa na albamu za stempu, kwa hiyo nilimweka na wenzake ndani ya albamu ya kawaida ya picha, ile ya jalada la maua, pacha kabisa wa albamu yetu ya familia.

Unaona mahali maneno yanapoelekea.

Wakati huo nilikuwa naishi na msichana wa kijiji cha Pap Onditi. Ng'ombe wa mahari walikuwa bado maneno matupu. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa kubebwa, akalelewa na dada mkubwa wa marehemu, na huyo mama mkubwa ndiye aliyekuwa na kauli. Siku moja akatuma habari kwamba anakuja na shangazi kuona mtoto wao anakaa wapi. Wakiridhika, mazungumzo ya mahari yataanza. Wasiporidhika, binti atafunga vitu vyake arudi nao. Ilikuwa wazi hivyo, na mimi nilimtaka yule msichana kwa moyo wangu wote.

Mama yangu alikuja kutoka Seme kunisaidia kupokea wageni. Wakaketishwa vizuri. Mimi, kama desturi inavyotaka kwa mtu aliye mbele ya wakwe wa kike, nikakaa karibu na mlango, macho sakafuni, mdomo umefungwa. Msichana yuko nyuma anapika chai. Na kwetu mgeni akisubiri chai hupewa nini? Albamu. Mama akainama, akavuta ya kwanza aliyoipata chini ya kitanda, akawawekea mapajani.

Nikasikia ukurasa ukifunguliwa. Kisha sauti ya mama mkubwa: "Na hii mtu amekalia ndovu, ni wenu?"

Mama yangu hakuwahi kuiona albamu ile. Lakini albamu ikiwa nyumbani mwako, waliomo ni watu wako. Kuwakana mbele ya wakwe ni aibu isiyofutika. "Ni wa upande wa baba yake," akasema bila kumeza mate. "Alikuwa anafanya kazi na wanyama."

"Na huyu amenyolewa?"

"Huyo aliingia makanisa yale ya kuvaa kanzu."

"Yawa! Na huyu mwenye taji?"

"Chifu. Wa zamani."

Ningesema nini, na ni mwiko kuwakatiza? Kibaya zaidi, mama mkubwa alikuwa analamba kidole kila akigeuza ukurasa, na mimi nawaza mate yake na wino wa Laos, roho iko mkononi. Kisha akaacha kugeuza.

"Mwenzangu," akamwambia shangazi, "angalia hii shingo."

Shangazi akaangalia. "Ai," akasema.

Nilijua ni nani bila kuinua macho. Na nilijua kinachofuata, maana kila mtu anakijua: mgeni akiipenda picha, huiomba ya ukumbusho, na mwenye nyumba hutoa. Kumnyima mkwe picha ni kumwambia hatukutambui. Nikajikuta nimefungua mdomo pale mlangoni. "Mama, samahani. Hiyo si picha ya mtu wetu. Ni stempu ya barua."

"Naona ni stempu. Kwani mimi ni kipofu?" Mama mkubwa hakukasirika. "Na hao wengine pia si wenu, mama yako ametuchezea vizuri sana." Mama yangu akakohoa. "Lakini huyu amefanana na dada yangu. Hivi ndivyo alikuwa akipiga magoti kuweka chakula. Hakupigwa picha hata moja mpaka tukamzika. Huyu mtoto ananiuliza kila mwaka mama yake alikuwa anakaa vipi, na mimi nimechoka kumwambia tu alikuwa mzuri."

Msichana alikuwa amesimama na trei. Ile stempu alikuwa ameishi nayo nyumba moja, akinitania kwamba nina mke mwingine wa karatasi, na hata siku moja hakuitazama vizuri. Sasa aliweka trei chini, akapiga magoti kando ya mama mkubwa, akatazama. Alishika tu ukingo wa albamu.

Niliumia, sitaficha. Miaka ya kusubiri! Nilitaka kusema nitawatafutia nyingine, au mpiga ngoma, wachukue mpiga ngoma na ndovu wote.

"Chukueni," nikasema.

Mama mkubwa akaitoa kwa kucha, kona ikachanika kidogo, akaifunga kwenye pindo la leso mahali ambapo wanawake hufunga vitu vya maana. Chai ikanywewa. Baada ya mwezi tuliitwa Pap Onditi, na mazungumzo ya ng'ombe yakaanza. Ukutani, kati ya kalenda na picha ya harusi ya mtu, niliona stempu yangu imebandikwa kwa ugali juu ya kipande cha kadibodi. Ugali! Watoto wa boma walinionyesha nyanya yao kwa fahari: "Huyu ni dani yetu."

Miaka ya tisini, nikiwa tayari baba wa watoto, Mfaransa akanitumia nyingine, safi, haijaguswa. Nilimrudisha mwanamke yule katika pengo lake, seti ikatimia, nikachukua lenzi yangu na kuinama juu yake kama zamani.

"Wewe!" Mke wangu alikuwa nyuma yangu. "Huna adabu? Ndivyo unamwangalia mama yangu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Na Mluo yeyote atakwambia mtu hamkodolei macho mama mkwe wake, sembuse kwa lenzi. Akaitoa stempu taratibu, bila kulamba kidole, akaiweka kwenye albamu ya familia, ukurasa wa kwanza.

Seti yangu ina stempu tatu mpaka leo. Wageni wakija hupewa albamu wakisubiri chai, huuliza huyu ni nani, na mke wangu hujibu, "Ni mama." Mimi nageuza uso kutazama mlango.