Chama cha Mama

Kaburi la bibi yangu, mzaa mama, lilichimbwa na wanawake watatu: mama, mama mdogo na mimi. Kwetu upande wa Dutwa mwanamke hachimbi kaburi. Vijana wa kitongoji huanza kazi hiyo alfajiri, wakipokezana sururu, na wazee hukaa kando wakiwakosoa. Siku ile tulichimba tangu asubuhi hadi saa tisa, udongo mweusi umekauka kama tofali, na wanaume walipita barabarani na baiskeli zao wakitazama mbele. Katekista alifika, akasali, akafunga kitabu chake na kuondoka bila kugusa koleo. Wengine nimewasamehe. Yeye bado.

Yote hayo yalitokana na neno moja, chama.

Mama alijifunzia Kiswahili gulioni, na kwake chama kilikuwa jengo: ghala la bati la ushirika wa pamba, mzani mlangoni, karani ndani. "Nakwenda chama," alisema, nasi tulijua kajitwisha pamba. Chama kile kingine, cha siasa, kilikuwa kimoja tu nchi nzima, na yeye alikiita Serikali.

Kisha mambo mawili yakaja karibu pamoja. Soko la pamba lilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaweka mizani yao ng'ambo ya barabara, wakitazamana na ghala. Na vyama vya siasa vikaruhusiwa kuwa vingi. Msimu ule watu walipokutana njiani waliulizana, "Umehama?" Maana yake: pamba yako unampimia nani? Kampeni zilipoanza swali lilibaki lilelile, maana ikageuka, na hakuna aliyemweleza mama.

Kijiji karibu chote kilikuwa kimeingia chama kipya. Silaumu hilo, kila mtu alikuwa na sababu zake. Jumamosi moja msemaji wao alikuja kutoka Bariadi na pikapu yenye vipaza sauti, akasimama kwenye uwanja wa ghala kwa sababu ndio uliokuwa wazi. Nilikuwepo. Mama alitoka ghalani, gunia tupu begani, akajikuta mbele ya mkutano.

"Mayu, mwadila," msemaji alimsalimia kwa kilugha chetu, akimwita mama, kwenye kipaza sauti. "Umehama?"

"Nihamie wapi?"

"Chama, mayu. Umehama chama?"

"Mimi sihami chama. Chama kilinipa mbegu mume wangu alipokufa. Hao wapya wamenipa nini?"

Watu walicheka. Msemaji aliinama kutoka kwenye pikapu kama mtu aliyeokota kitu. "Mmesikia wenyewe. Mayu huyu ameolewa na chama."

"Mwacheni alale na mume wake," sauti ikadakia kutoka nyuma.

Kinachonikera mpaka leo si kwamba hawakumwelewa. Walimwelewa. Nyuzi za pamba zilikuwa kwenye nywele zake, na nusu ya watu waliokuwa pale walikuwa wamepima kwenye mzani uleule mwaka uliotangulia. Waliamua kutoelewa, kwa kuwa ilichekesha zaidi, na kwa kuwa mkutano ulihitaji mtu wa kunyooshewa kidole. Mimi nami nilinyamaza. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watumishi tulikwisha kuonywa tusijiingize.

Haikupita wiki, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaitisha kikao na mama akatengwa. Asisalimiwe. Asipewe moto wala jembe. Kisimani achote peke yake, wenzake wakishaondoka. Kwake kukiwa na msiba, mtu asiende. Adhabu ingeondolewa siku atakapoleta dume la ng'ombe na kukiri mbele ya wote kwamba amekisaliti kijiji.

"Nimekisalitije?" aliuliza.

"Unajua mwenyewe ulivyosema."

"Nilisema napeleka pamba."

Jirani yetu, mwanamke aliyelima naye kwa kusaidiana miaka mingi, alimvizia mama nyuma ya zizi, asionekane. "Dada, toa tu hilo dume, yaishe."

"Nikilitoa, nitakuwa nimekubali."

"Si kukubali. Ni kumaliza."

"Basi nenda ukalitoe wewe."

Bibi, aliyekuwa akiishi kwa mama, alifariki siku chache kabla ya kupiga kura, na dume lilikuwa bado zizini. Nilimsihi mama alitoe kwa ajili ya mazishi tu. Alinipa jembe.

Siku ya kura alikwenda. Watu kwenye mstari walimwachia nafasi mbele na nyuma, kama mwenye upele. Karani wa kituo, mgeni kutoka mjini, alimwamkia na kumwonyesha pa kuingilia. Jioni mama aliniuliza, "Serikali imenisalimia, kijiji hakinisalimii. Sasa mimi ni wa wapi?" Nilikuwa nafundisha uraia darasa la sita.

Baada ya matokeo nilimkuta yule msemaji Bariadi, kwenye mgahawa wa karibu na stendi, akila samaki na mpinzani wake, mtu ambaye walikuwa wametukanana majukwaani miezi miwili. Walikuwa wanataniana. Nilimsogelea nikamweleza habari ya mama na ya kaburi. Alisikiliza hadi mwisho, hilo nakiri.

"Pole sana, mwalimu," alisema. "Lakini zile zilikuwa siasa tu." Akaniagizia soda. Niliiacha mezani haijafunguliwa.

Ghala lilifungwa miaka michache baadaye, bati zikaezuliwa. Salamu zilirudi kimyakimya, mtu mmoja mmoja, bila kikao. Leo wapo wanaoapa kwamba mama hakutengwa kamwe. Ila kwenye misiba, majina ya kaya yanaposomwa ili kila moja itoe mtu na kuni, letu hurukwa, na dume halijatolewa.

Kampeni za mwisho zilipokaribia, mwenyekiti wa sasa wa kitongoji alikuja kumwomba kura. Mama, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alimkaribisha kiti. "Nieleze kwanza," akamwambia. "Mimi nimo, au simo?"

Mwenyekiti alisema hilo ni jambo la zamani, kitabu cha sungusungu chenye majina ya waliotengwa hajui kiko kwa nani, atauliza. Huu ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Uchaguzi umepita, ameshinda, na hajarudi.