Chupa za Shangazi

Asikudanganye mtu, Shangazi hakuwa mchoyo. Katika duka lake la kutoa nakala, kalamu zilikuwa mezani, gundi mezani, stepla na pini zake hapo hapo, na kila aliyeingia kuchapa barua moja alitoka na pini kumi za bure na kalamu isiyo yake sikioni. Yeye alinung'unika tu, "Haya chukueni, na mashine yenyewe bebeni," kisha akaweka nyingine. Kwa hiyo hao waliokuja kusema ana mkono wa birika hawakumjua hata chembe.

Mambo yalianzia kwenye kompyuta ya dukani. Mpwa wake alipokwenda kusoma mbali alimwachia mchezo wa mtandaoni, ule ambao watu wasiojuana hujiunga wakawa kikosi, kila mmoja na mtu wake kwenye skrini, wakapigana na madubwana. "Utauchoka ndani ya wiki, Shangazi," mpwa alisema. Wiki gani! Mwaka wa pili ulikuwa unakwenda. Humo ndani Shangazi alikuwa mshika ngao: anasimama mbele, anapigwa yeye kwanza, wenzake wapate nafasi ya kushambulia. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, miwani puani, hedifoni kichwani, anatukanana na dubwana la mawe mchana kweupe huku mashine ya nakala inanguruma nyuma yake. Kazi hiyo aliipenda, tena sana.

Kikosi chao kilikuwa cha watu wanne. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu, ambaye wote walimwita Mwalimu, na kinyozi aliyecheza kwenye kiti cha wateja kikiwa kitupu. Mkuu wao alijiita Jemedari, na hakuna aliyejua anafanya kazi gani duniani zaidi ya kuamrisha. Kila Jumamosi saa tisa alasiri walikwenda kulivaa dubwana hilo la mawe, na kila Jumamosi liliwalaza chini. Miezi minne! Nishani wangepewa wale tu watakaokuwa wamesimama siku litakapoanguka, na Shangazi alikuwa amelikamia. Alijiapiza kwamba siku hiyo haitampita.

Sasa, vita hivyo havipiganwi bila dawa. Ukijeruhiwa unakunywa chupa, ukianguka mwenzako anakumiminia chupa unainuka. Kuipika kila mtu anaweza, ni kubonyeza tu. Kazi ni kuchuma majani, maana yanaota bwawani kwenye nyigu wakubwa kama kuku, na unachuma moja moja. Mara ya kwanza Shangazi alipika za watu wote kwa hiari yake, wakamshangilia. Baada ya wiki chache hata asante ikakauka. Akawa anakuja na chupa ishirini na nne kila Jumamosi, majani kayachuma saa ya chakula cha mchana, mkate mkono mmoja, na Jemedari akiingia neno lake ni moja: "Shangazi, gawa!"

Kisha akaugua. Homa ilimlaza siku nne, mifupa inauma, dada yake mdogo anamnywesha supu kwa kijiko. Akakiandikia kikosi kwa simu kwamba yu kitandani. Jemedari alijibu papo hapo: "Pole sana Shangazi. Lakini dawa za Jumamosi zipo?"

Akaisoma mara mbili. Damu ikamchemka kuliko homa yenyewe. Akaketi.

"Nipe miwani yangu."

"Ya nini? Daktari kasema ulale," dada yake alisema.

"Nimesema nipe miwani."

Akaandika: "Kuanzia Jumamosi hii kila mtu aje na chupa zake. Majani yako bwawani, upande wa kusini. Nyigu wanauma."

Loo, simu ikawaka moto! Jemedari alisema kikosi ni familia, kila mmoja anatoa alichojaliwa: yeye anatoa uongozi, Shangazi anatoa dawa. Mwalimu alileta jedwali la zamu, lenye rangi kabisa. Kinyozi akaandika, "Lakini Shangazi, wewe si umeshazoea?"

"Nilichozoea ni kupigwa na dubwana," Shangazi alijibu. "Nyinyi mlinipanda kichwani. Na zamu yangu ilikuwa hiyo miezi minne, nimeimaliza."

Dada yake alichungulia simu akacheka. "Mtu mzima na akili zako, unagombania majani yasiyokuwepo?"

"Majani hayapo. Saa zangu za kula zilikuwepo."

Jumamosi, homa imeshashuka, akateremsha mlango wa duka nusu, akaingia mchezoni na chupa sita. Zake.

"Shangazi, gawa!"

"Nigawe nini?"

Kinyozi akakohoa. "Mimi ninazo nne. Nyigu wameniua mara tatu, msiniulize kitu." Mwalimu alikuwa na sita. Jemedari hakuwa na hata moja.

"Hii ni dharau," alisema. "Sikiliza, Shangazi. Ama ugawe, ama utoke. Binamu yangu anashika ngao vizuri kukushinda, na yuko mlangoni."

Dubwana lianguke leo, yeye akiwa nje? Chupa mbili tatu tu zingemaliza maneno. Alitaka kulia kwa hasira.

"Nitoe, mwanangu," akasema. "Chupa sikupi."

Jemedari akamtoa kweli. Mtu wake kwenye skrini akajikuta nje ya lango la uwanja wa vita, ila sauti zao bado alizisikia. Binamu akaingia, akasalimia kwa heshima zote, halafu akauliza, "Haya, dawa hapa anatoa nani?"

Kinyozi alicheka mpaka akapaliwa. Mwalimu akamweleza mgeni kwamba kila mtu na zake. "Ah, mimi hayo siyawezi," binamu akasema, akaenda zake. Jemedari akamrudisha Shangazi ndani.

Wakalivaa. Jemedari akawa wa kwanza kwenda chini. Wengine walipigana mpaka dubwana likabaki na uhai wa kusukuma kwa kidole. Kinyozi alikuwa amemaliza chupa zake, Mwalimu anarusha mishale kutoka mbali, na Shangazi kabakiza chupa moja, naye pigo moja tu afe.

"Shangazi, nimiminie!" Jemedari alipiga kelele. "Niko hapa miguuni pako!"

Kweli alikuwepo, Shangazi alikuwa amemkanyaga mkono. Na mazoea mabaya: kidole chake kilishafika kwenye kitufe cha kutoa.

"Mimi ndiye kiongozi wako!"

Akakiondoa kidole. "Hii yangu," akasema, akainywa.

Pigo likaja, likagonga ngao, akayumba, hakuanguka. Mshale wa Mwalimu ukaingia, panga la Kinyozi likafuata, na dubwana zima likaporomoka. Shangazi akapiga ukelele, dada yake akapita chini ya mlango mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Vipi? Umepigwa na umeme?"

Shangazi alikuwa juu ya kiti, hedifoni zinaning'inia shingoni, na ndani yake Jemedari bado analalamika.

"Limeanguka!" akasema, machozi yanamtoka. "Limeanguka, na mimi nimesimama!"